Nyaya Mbili Zikifungwa Pamoja

Tausi mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tazama nani amekaa karibu nawe. Kama behewani kuna mtu anayekuangalia mikono, kunja karatasi hizi, zirudishe ndani ya khanga, usubiri. Nakusihi kuliko nilivyowahi kukusihi kitu chochote: neno la humu lisitoke kinywani mwako. Si kwa rafiki utakayempata bwenini, si kwa mwalimu atakayekuonea huruma, wala kwa shangazi yako hata akilia. Mimi ni karani. Najua neno likishatoka linavyosafiri kutoka meza hadi meza, na kila meza linaongezwa uzito.

Mambo ya sabuni, ya shuka na ya kutokula vitu vya dirishani mama yako ameyasema tangu juzi, sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu.

Uliniuliza kwa nini unaondoka kabla shule haijafunguliwa, nikakujibu kwamba treni zitajaa. Si kweli. Unaondoka kesho kwa sababu treni yako ikishaondoka nitaingia katika chumba kimoja, mbele ya kamati ya usalama, nao watanipa kalamu nisaini kwamba nilimwona mjomba wako Kassim akilegeza waya wa kipaza sauti katika mkutano wa Igombelo, makusudi, ili watu wafe. Nikisaini, Kassim harudi. Nisiposaini, sijui. Nimetaka uwe mbali, mtu asije akanisimamisha dirishani na kunionyesha wewe unapita barabarani. Wana desturi hiyo. Nimekuwa ndani ya vyumba hivyo nikiandika wakati wengine wanaonyeshwa.

Umesikia habari za Igombelo kama mji mzima ulivyozisikia. Mtaani Kanyenye wanasema ni bomu. Mama mmoja sokoni alimwambia mama yako kwamba ni jini. Sasa sikia kwangu, niliyekuwapo.

Mwaka huu wote nilipokuwa nikisema nakwenda safari ya kazi, nilikuwa nakwenda kuhamisha watu. Sipingi vijiji vya ujamaa, Tausi. Mwaka wa uhuru nilikuwa kijana, nina kazi mpya na shati moja, nilikubeba mabegani uwanjani tukasikiliza hotuba kwenye vipaza sauti, wewe ukawa unanipiga kichwani kwa furaha kila watu walipopiga makofi. Niliamini kila neno. Shule, zahanati na bomba la maji vingefika wapi kama kila mtu anakaa peke yake porini? Bado naamini. Lakini kuamini hakukunizuia kuona.

Ilikuwa hivi. Gari la matangazo linatangulia: kesho asubuhi kila mtu awe tayari na vitu vyake. Asubuhi tunafika, hakuna aliye tayari. Mgambo wanashuka, wanavuta nyasi za paa kwa kulabu, wanawasha moto ili mwenyewe asipate pa kurudi. Katika boma moja bibi aliingia chini ya ghala lake la mtama akashika nguzo. Walimvuta kwa miguu. Hakuachia nguzo, basi mmoja akampiga kwa kitako cha bunduki kwenye mikono, mara mbili, nikasikia mifupa ikivunjika. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, naandika mali yake: vyungu, jembe, mtungi, kuku. Nilipotazama baadaye, mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Herufi zimenyooka zote. Hilo linanitisha kuliko damu ya yule bibi.

Sasa gari lile la matangazo. Wewe ulikipenda chombo cha kukuza sauti kilichokuwamo, amplifaya, ukamsumbua mjomba wako, fundi wake, akueleze mpaka akakuita Fundi Msumbufu. Kilitengenezwa na mwalimu mmoja mgeni kabla hajarudi kwao. Amplifaya za zamani hupata moto kama pasi na kumaliza betri kabla mgeni rasmi hajamaliza kusalimia. Hii haikuwa hivyo. Transista zake, yaani malango ya umeme, hazifunguliwi nusunusu. Zinakata umeme wote na kuuachia wote, mara nyingi kuliko sikio linavyoweza kufuata, na sauti inatokana na muda wa kuachia dhidi ya muda wa kukata. Betri moja inatosha mkutano wa siku nzima. Ndiyo maana wakubwa waliipenda.

Lakini ina ubaya wake, na ubaya huo ndio utakaofundishwa huko uendako. Nataka uujue kwanza kwangu.

Kukata na kuachia huko kunarusha vurugu ya umeme. Nyaya nene zinazokwenda kwenye vipaza sauti zinabeba vurugu hiyo, na ukizipitisha karibu na nyaya mbili nyembamba za maikrofoni, vurugu inazirukia hizo nyembamba. Zinapanda zote mbili kwa pamoja, zinashuka zote mbili kwa pamoja. Hapo hakuna taabu, kwa sababu amplifaya haiangalii urefu wa kupanda. Inaangalia tofauti kati ya waya huu na ule. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka pwani, na jino kubwa lilibebwa na watu wawili kwenye mti mmoja. Mfikirie mtu anayeutazama mti huo tu, haoni ardhi. Wabebaji wakipanda kilima wakiwa bega kwa bega, mti haulali upande wowote, naye anasema hakuna kilichotokea. Lakini mmoja akiwa na goti bovu, kilima kilekile kinaulaza mti. Mtazamaji anaona mwinamo na kusema: hapa pana jambo. Kumbe ni goti.

Goti katika amplifaya ile ni rezista mbili za mlangoni, vijiti vidogo vya kupunguza umeme, moja kwa kila waya. Zinatakiwa kulingana kabisa. Moja iliungua mwanzo wa kiangazi. Kassim alikuja bohari ninayoitunza akanikuta nimezungukwa na mafaili.

"Shemeji, nipe pacha wawili," alisema. "Siyo ndugu. Pacha."

Nilitafuta nikampa mbili zenye mistari ya rangi ileile. Akazigeuza mkononi.

"Umezipima?"

"Rangi si zinafanana?"

"Hata wewe na mimi rangi tunafanana, lakini mimi mzuri."

Tulicheka. Mita yangu ilikuwa haina betri, na mkubwa wetu, kiongozi wa msafara, alikuwa akipiga honi nje. Nilijua vizuri kabisa, maana kabla ya ukarani nilisoma haya darasani na kuyafanyia mtihani, kwamba mistari inataja kiasi kilichokusudiwa kiwandani na si kiasi kilichomo. Moja inaweza kuzidi kidogo, nyingine ikapungua kidogo, rangi zikabaki zilezile. Nilijua, na nilimwambia aende nazo. Alikwenda nazo.

Goti hilo halikuonekana kwa sababu tulikuwa na dawa nyingine. Kassim alikuwa anapigilia kipande cha nondo ardhini na kufunga waya kutoka kwenye mwili wa amplifaya, ili vurugu nyingi iende udongoni kabla haijapata nguvu. Udongo wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mkavu, haupokei umeme. Basi anamwagia maji ya chumvi. Mafundi wote wa hapa wanafanya hivyo, na mjini hakuna tatizo.

Igombelo hapakuwa mjini. Watu walikuwa wameshushwa kwenye malori siku chache tu nyuma, na ng'ombe wao wameswagwa kwa miguu kutoka mbali. Mazizi hayajajengwa. Ng'ombe walikuwa wanatangatanga katikati ya watu, wamekonda, na hawakuwa wamelamba chumvi tangu watolewe kwao. Na sisi, watu wa mjini wenye elimu zetu, tukaenda tukamwaga chumvi nyuma ya gari.

Sasa kuhusu maneno wanayosema Kassim aliyatamka. Aliyatamka kweli, nilisikia. Unamjua dereva Pazi, Mzaramo, mtani wake. Hawawezi kufanya kazi bila kutukanana. Siku hiyo Kassim yuko juu ya gari anafunga pembe la sauti, Pazi chini anamshikia ngazi.

"Nyie Wanyamwezi," Pazi alisema kwa sauti ili mgambo nao wacheke, "mlibeba meno ya tembo mpaka kwetu miaka na miaka, mkarudi hamna hata la kutafunia."

"Na ninyi mlikaa ufukweni kutungoja mtuuzie maji. Shika ngazi, mzembe."

"Nikiiachia utazikwa hapahapa. Nitakuja kukunyang'anya sanda."

"Utaikuta nimeshaivaa. Subiri nifungue sauti hii leo. Mkubwa akikohoa tu, utakimbia wewe na ng'ombe wote wa Igombelo mpaka mfike Dar es Salaam."

Mgambo walicheka. Hata mimi nilicheka. Ulikuwa utani tu, hauna uzito.

Mkubwa alianza kusema jua likiwa kichwani. Watu walikaa chini mbele yake, wanawake nyuma, na nyuma yao ng'ombe. Nilikuwa kwenye meza ndogo pembeni ya gari, naandika hotuba. Alisema atakayerudi porini atafuatwa na moto. Niliinua macho nikaona dume jekundu limefika nyuma ya gari, linalamba ardhi kuzunguka nondo. Likalamba chuma chenyewe. Kisha likasukuma kwa pua kama wanavyofanya wakitaka zaidi, nondo ikalala, waya ukatoka. Niliona, Tausi. Niliona kwa macho haya, na nilikuwa na nafasi ya kusema "Kassim, waya". Lakini mkubwa alikuwa anasema, na mtu hasemi mkubwa akisema. Nikarudisha kalamu kwenye karatasi.

Kwanza palikuwa na mluzi mwembamba. Halafu vurugu ikapita kwenye lile goti bovu, ikatoka kwenye pembe, ikarudi kwenye nyaya za maikrofoni, ikaingia tena ikiwa kubwa zaidi, na kila mzunguko ikaongezeka, mpaka ikawa ngurumo ambayo sijawahi kuisikia kutoka kwa kitu chochote. Meza yangu ilitetemeka. Nilihisi meno yangu yakitikisika. Ng'ombe waligeuka wote kwa mara moja. Kwa kuwa ngurumo ilitoka pia kwenye pembe la pili, lililofungwa kwenye malori nyuma ya ng'ombe, walikimbilia mbele, na mbele yao walikaa wanawake.

Sitakuandikia yote. Mwanamke mmoja jina lake Nyamizi alikuwa na mtoto mgongoni. Alilala kifudifudi ili mtoto awe juu, yaani alikosea upande, kwa sababu hakuwa na muda wa kufikiri. Walipomwinua, khanga tu ndiyo iliyokuwa nzima. Wanaume walipoanza kukimbilia wake zao, mgambo walidhani ni ghasia wakaingia na virungu. Mzee mmoja alipigwa usoni akiwa ameshika mguu wa mjukuu wake asiyepumua. Hakuuachia mguu. Vumbi lilipotulia, mkubwa aliyekuwa amelala chini ya meza aliinuka akajikung'uta.

"Nani anashika mashine hii?"

Wote tulitazama chini. Kassim aliinua mkono. Alikuwa ameshaikata betri, amewahi kabla ya mtu mwingine kupata akili, na mkono wenyewe ulikuwa na damu ya mtoto aliyemtoa chini ya gari.

"Mimi."

Walianza kumpiga hapohapo. Niliandika: hitilafu ya mitambo. Mkubwa alikuja nyuma yangu akasoma begani kwangu, akaweka kidole juu ya neno.

"Hitilafu?"

"Ndiyo, mzee."

"Andika hujuma."

Nilifuta. Niliandika hujuma. Mstari mmoja ulionyooka, halafu neno jipya juu yake, kama tulivyofundishwa.

Mtu akijua kitu, halafu akanyamaza kwa sababu ya heshima, halafu akanyamaza kwa sababu ya hofu, mwisho hawezi tena kutofautisha kipi ni kipi. Nilirudi nyumbani nikala. Mama yako aliniuliza, "Baba Tausi, Kassim yuko wapi?" Nikasema wamembakiza kutengeneza gari. Tangu siku hiyo ananipa maji ya kuoga bila kusema neno, na nadhani umeona.

Mpelelezi aliletwa kutoka mbali. Kwao hakuna utani wa namna yetu. Aliniita nitafsiri baadhi ya maneno.

"Alisema ng'ombe watakimbia, au hakusema?"

"Alisema, bwana, lakini yule dereva ni mtani wake."

"Utani siwezi kuuandika kwenye maelezo. Alisema au hakusema?"

"Alisema."

"Basi."

Wakamleta Pazi, jicho moja limefumba. Pazi, ambaye bibi yake Kassim alipofariki alilala kwenye njia ya jeneza, kama watani wanavyofanya, akakataa kuondoka mpaka Kassim ampe kofia yake, alisema mbele yangu kwamba hana mtani yeyote Tabora na hajui Kassim alikuwa na nia gani. Simlaumu. Nilimwona alivyokuwa akichechemea. Mgambo waliofuata walisema kitu kimoja kwa maneno yaleyale: alikuwa nyuma ya gari, aliinama, alilegeza. Mpelelezi alifurahi.

"Unaona, karani? Watu hawa hawakukaa pamoja, na hakuna tofauti kati yao hata kidogo."

Nilitoka nje bila kuaga. Maana nilijua kifaa kingine ambacho hufurahi kisipoona tofauti. Wote walikuwa wamepandishwa na mkono mmoja. Ukimlinganisha huyu na yule utapata sifuri, hata kama wote wawili wako mbali na ukweli kama stesheni ya Tura ilivyo mbali na mwezi. Mtu pekee niliyedhani ameona ng'ombe ni mimi, na kwenye karatasi mimi ndiye niliyeandika hujuma.

Juma lililopita waliniruhusu kumpelekea Kassim chakula. Vidole vya mkono wa kulia walivikalia kwa mguu wa kiti. Viwili havitashika koleo tena. Nilisimama kwenye mlango na bakuli mkononi, yeye akaanza.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Shahidi wangu hajambo?"

"Shahidi gani?"

"Yule mwekundu, mwenye pembe."

Kumbe naye alimwona, wakati anageuka kukata betri. Aliwaambia siku ya kwanza. Wakampiga zaidi kwa kuwafanyia mzaha.

"Nawe ulimwona," alisema. Hakuuliza.

"Nilimwona."

Alitafuna ugali kwa upande mmoja wa mdomo, polepole. Kisha akasema, "Wasikupige mbele ya Tausi tu. Mengine utazoea." Alicheka, na kicheko kikamuumiza mbavu.

Hapo ndipo nilipoandika barua ya kuomba upokelewe shuleni mapema.

Amplifaya ni kielelezo cha kesi, na vielelezo vinakaa bohari, na ufunguo wa bohari ninao mimi. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, niliitoa. Nitakueleza nilichofanya hatua kwa hatua, kwa sababu nikizuiwa kukionyesha kesho atabaki mtu mmoja tu anayeweza kukirudia, na mtu huyo ana miaka kumi na mitano na yuko kwenye treni.

Niliiondoa maikrofoni kabisa. Zile nyaya zake mbili nyembamba nikazifunga pamoja kwenye ncha, shaba kwa shaba. Fikiri: zikifungwa pamoja haziwezi kutofautiana. Hakuna sauti ya mtu inayoweza kupita hapo, wala hila ya mtu. Amplifaya nzima yenye rezista zinazolingana lazima inyamaze. Nikazilaza sambamba na nyaya nene kama zilivyokuwa Igombelo, nikafunga waya wa ardhi kwenye bomba la maji, nikawasha. Kimya. Nikautoa waya wa ardhi. Ikaunguruma, nikaikata haraka kabla haijasikika nje. Nyaya zimefungwa pamoja, na inaunguruma. Hakuna mtu. Ni goti.

Halafu nikanunua betri ya mita kwa Mhindi, nikazipima rezista zote za aina ile bohari nzima, moja moja, mpaka nikapata pacha wa kweli. Nikazifunga mahali pa zile mbili. Nikautoa tena waya wa ardhi. Mluzi mdogo, mbali, kama mbu nje ya chandarua, lakini hakuna ngurumo. Nikazisokota zile nyembamba moja juu ya nyingine urefu wote, ili chochote kinachougusa mmoja kiuguse na wa pili sawasawa, nikazipeleka upande mwingine wa chumba, mbali na zile nene. Mluzi ukapungua. Mwisho nikavunja redio mbovu, nikatoa kile kijiti cheusi cha antena, nikazizungusha nyaya nene zote mbili juu yake pamoja, kwa mwelekeo mmoja. Kinaachia kile kinachokwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, kinazuia kile kinachopanda kwa pamoja. Kimya kabisa. Niliweka sikio kwenye pembe nikasikia pumzi yangu.

Nilifanya kazi hiyo kwa muda ule mfupi wa chakula, siku kadhaa, na nakuambia kweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile ofisini. Kisha furaha ikaniuma. Kazi yote hiyo ingeweza kufanyika mwanzo wa kiangazi. Ningekuwa nimechelewa kidogo, mkubwa angepiga honi zaidi, angenitukana, basi.

Kesho nitarudisha zile rezista mbaya, ili wasikie. Nitaibeba amplifaya na betri mpaka kwenye chumba cha kamati. Nitaomba mmoja wao, yeyote, azifunge zile nyaya mbili kwa mikono yake mwenyewe, kisha nitautoa waya wa ardhi. Halafu nitasema nani aliutoa Igombelo, na nani aliyefuta neno, na nani aliyetoa rezista bila kuzipima. Hivyo ndivyo nilivyopanga. Nimeyasema maneno hayo bafuni mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye neno "mimi" narudi mwanzo.

Usidhani baba yako ni shujaa. Nikiandika hapa, jasho limelowanisha karatasi mpaka nimebadilisha hii mara ya pili. Naogopa mguu wa kiti. Naviangalia vidole vyangu. Kwa mtu asiye na shamba wala duka, mwandiko ndio kila kitu, na wao wanajua. Inawezekana nikafika mlangoni na amplifaya mikononi, wakaniambia weka hapo chini, saini hapa, nikasaini. Nimewaona watu bora kuliko mimi wakisaini. Kwa hiyo siwezi kukuahidi. Nakuambia ninachokusudia, na kwamba nimekusudia nikiwa na akili timamu, nikikusikia unaimba huko uani na kupanga nguo.

Kuhusu maisha yako sijui nikuambie nini ambacho hutakijua kuliko mimi baada ya mwaka mmoja. Ila mkono wako ukisita juu ya kitu kidogo, usiutazame uso wa mtu anayekuharakisha. Pima. Ukiona watu wote wanakubaliana, uliza kwanza nini kimewagusa wote. Na siku utakapoona ng'ombe, sema ng'ombe, hata anayeongea awe nani.

Nisikilize sasa kuhusu namna ya kunipata. Usiandike ofisini kabisa. Usiandike nyumbani, barua za nyumbani zitafunguliwa. Andika kwa yule mama mshonaji wa Kanyenye aliyekushonea sare, jina lake uandike wewe, mimi silitaji humu. Mwandikie habari za nguo: sare imebana, au sare imelegea. Ikibana maana yake uko salama, ikilegea maana yake kuna mtu amekuja kukuuliza habari zangu, na mama yako atakuja kukuchukua akupeleke mahali anapopajua mwenyewe, kule Itetemia. Usije wewe Tabora, hata ukiambiwa nimekufa, mpaka mama yako aje kwa miguu yake.

Majibu yatakuja kwa njia hiyohiyo. Yakija kwa mwandiko wa mama yako, jua kwamba nilisema, nao wamenizuia, nami sijutii. Yakija kwa mwandiko wangu, usifurahi haraka. Tafuta ndani jina la mjomba wako. Kama limo, jua nilisema nami niko huru; nijibu siku hiyohiyo, unitukane kama mtani kwa kukuogopesha.

Kama halimo, jua nilisaini. Usinijibu.

Baba yako